Mji Ambao Sijautoa

Jumapili, tarehe 25 Machi 1979. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ikakatika saa moja, na sasa ukungu umekaa juu ya migomba na matone yanadondoka moja moja kutoka kwenye bati la ghala la kahawa tunamolala. Tuko ng'ambo ya Mto Kagera, mbali sana na kwetu Upareni, na leo mizinga imenyamaza. Nimetoka lindoni, nimesali na wenzangu saba, na barua ya mke wangu Nikundiwe iko mfukoni mwa shati. Nimeisoma mara tano tangu Ijumaa. Ameiandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama tulivyofundishwa wote wawili katika darasa la jioni la watu wazima, ambako yeye alinitangulia kwa kila kitu. Baba Mbazi, anaandika, akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, mtoto amezaliwa, ni wa kike, tuko wazima, ila hana jina. Katika ukoo wetu baba ndiye humpa mtoto jina, kwa kinywa chake, watu wakisikia, na mimi nilikuwa nimekwisha ondoka na mgambo wenzangu. Kaka yangu mkubwa, Sekiete, amesikia uvumi kwamba kikosi chetu chote kimekufa, na amesema wasipopata neno langu mpaka Pasaka yeye mwenyewe atamwita mtoto Mkiwa. Nimekataa, anaandika Nikundiwe, nimewaambia baba yake yu hai, lakini mimi ni mmoja na wao ni wengi. Pasaka ni baada ya wiki tatu. Barua hii imetumia wiki sita kunifikia. Hata nikijibu leo, jibu litamkuta mwanangu amekwisha kuwa yatima wakati mimi nakula ugali na maharage huku.

Nankanga, mwenzangu wa lindo, mtu wa Newala, ananirushia blanketi lake. Lala, Mpare, ananiambia, macho yako yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyeshindwa kesi. Namwambia Mpare hashindwi kesi. Anacheka, anasema najua, ninyi mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nacheka pia, najilaza, naweka kichwa kwenye gunia tupu, namwambia Mungu maneno machache tu kwa sababu nimechoka: Bwana, nifikishe nyumbani kabla ya Pasaka, hata kama sijui njia. Halafu nasikia mlango wa ghala ukifunguka, na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa unaingia, nami nainuka, navuka kizingiti, natoka nje.

Nje hakuna migomba. Kuna barabara. Ni nyeupe, imenyooka, na kila upande wake kuna mfereji kama ile ya kwetu inayoleta maji mashambani, lakini maji ya mifereji hii yanapanda mlima, hayashuki, na hayana sauti. Natembea. Natembea sana na jua halisogei, naona nguzo ya mawe mbele yangu, naipita, na punde naiona ileile tena mbele yangu, na mara ya tatu mtu amesimama pembeni yake akiwa amevaa koti la mvua. Namsalimu, naye anageuka, na hana uso. Mahali pa uso wake ni laini, kama yai lililomenywa. Siogopi, na jambo hilo linanishangaza kuliko uso wenyewe. Namuuliza, ndugu, barabara hii inafika Upareni? Badala ya kujibu anasema, kitendawili. Na kinywa changu, kwa mazoea ya tangu utotoni, kinajibu chenyewe, tega.

Mgeni wetu haji kwa hodi, anasema, lakini kila mtu humwachia kitanda. Jibu nalijua. Najua kabisa kwamba nalijua, nimelala nalo na kuamka nalo, lakini kila nikitaka kulisema linayeyuka. Asiye na uso anangoja, hana haraka. Umeshindwa? ananiuliza. Nimeshindwa, namwambia. Basi nipe mji. Na mimi, kama mtoto yeyote anayecheza vitendawili barazani, nasema haraka ili tuendelee, nakupa Tabora. Sijawahi kufika Tabora, sioni hasara yake. Nimekwenda Tabora, anasema yule mtu, nimekula, nimeshiba, nimeifunga na kamba. Jibu ni usingizi. Na hapo nasikia kishindo kidogo, natazama mfereji, na ndani ya maji naiona Tabora nzima imepinduliwa, mapaa chini na misingi juu, reli yake inang'aa kama shanga, na watu wanatembea kichwa chini bila kujua. Namwambia, mzee, mimi nilidhani ni mchezo. Amekwisha kuwa mbele yangu kwenye nguzo ya mawe, na sasa wako wawili, wamevaa makoti yaleyale.

Darasani, mwalimu wetu alikuwa akitufungulia somo kwa vitendawili ili tuliotoka shambani tusisinzie, na Nikundiwe alikuwa akivitegua vyote, na mimi nilikuwa nikitoa miji. Siku moja aliniambia mbele ya darasa zima, Baba Mbazi, umeigawa nchi yote, sasa mimi na mwanao tutaishi wapi? Watu walicheka mpaka taa ikatikisika. Ninatembea nikimkumbuka akisema hivyo, nataka kuukumbuka uso wake alipokuwa akisema, na uso hauji, linakuja dawati, inakuja chaki, kinakuja kilemba chake cha rangi ya majani, uso hauji. Wale wawili wasio na nyuso wananifikia, au mimi nawafikia wao, kwa sababu barabara inazunguka. Kitendawili, wanasema pamoja. Sitaki kujibu. Kinywa kinajibu, tega. Jirani amekuja kuchukua kwangu, wanasema, ameondoka nacho, na changu kimebaki vilevile. Nafikiri chumvi, si chumvi. Nafikiri maji, si maji. Mvua nyepesi inaanza, na mimi nina haraka, ni lazima nifike kabla ya Pasaka, na haraka ndiyo inayonisemesha. Nimeshindwa, nawapa Newala. Wanashukuru kwa kuinama. Nimekwenda Newala, wanasema, nimekula, nimeshiba, nimeikunja kama mkeka. Jibu ni moto. Kishindo kinalia upande wa pili, na mji mwingine unaning'inia kichwa chini ndani ya maji.

Sijapiga hatua kumi, mwanamke ananizuia njia. Huyu ana uso, uso mpana wenye chale mashavuni, umekunjamana kwa hasira, na begani ana mchi wa kutwangia. Wewe, anasema, wewe ndiye uliyeitoa Newala? Namwambia shikamoo dada, ilikuwa kitendawili tu. Shikamoo yako nitaitwanga na mchi huu, anasema. Nilikuwa natwanga mtama, kinu kikageuka, mtama ukamwagika mbinguni. Watoto wangu wanacheza kichwa chini. Nani alikuambia Newala ni yako? Namwambia sikumjua mtu wa huko. Anasogea karibu. Hukumjua mtu wa Newala? Na hilo blanketi ulilojifunika ni la nani? Natazama, na kweli nimejifunga blanketi la Nankanga mabegani, na ndipo namkumbuka, na kwa kumkumbuka nataka ardhi inimeze. Mume wangu anakupa blanketi, anasema mwanamke, nawe unampa mtu nyumba yake. Nimetoa nchi ya watu ili niwahi kwangu, namwambia, nisamehe. Msamaha utafanya mtama urudi kinuni? anasema. Nimesikia ninyi Wapare mnajua kushtaki. Basi kashtaki. Mimi nakuja nawe, na tukifika huko ukisema uongo, mchi huu ninao.

Tunapanda pamoja. Barabara sasa inakunja na kukunja, naijua kila kona na kila kona si yenyewe, kanisa letu liko kushoto badala ya kulia, mti wa mbele ya posta uko mahali pa kisima, kana kwamba mtu ameuchora mlima wetu akiutazama kwenye kioo. Mwanamke wa Newala anahema nyuma yangu akilaani mawe. Kwenu hamna hata mahali tambarare pa kuweka kinu, anasema. Namwambia tunaweka kinu ndani, na ndani tunakula makande. Makande kila siku? Kila siku. Maskini, anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake si ya vita. Tunapita ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya zamu, na ndani yake naona miji yote miwili imekaa kichwa chini, Tabora na Newala, na katikati yake pana nafasi tupu, yenye ukubwa wa kijiji kimoja. Sihitaji kuambiwa ni cha nani. Namwomba Mungu kimoyomoyo, Bwana, usiniache niseme neno la haraka.

Na huu hapa mlango wa nyumba yangu. Mbele yake kuna benchi, na kwenye benchi wameketi watatu wasio na nyuso, wima, mikono magotini, kama wazee wa baraza. Ndani ya nyumba mtoto analia. Ni kilio kidogo chenye kukatika, cha mtoto ambaye bado hajayazoea mapafu yake, nami nasimama papo hapo kwa sababu sijawahi kukisikia na nakijua. Kitendawili, wanasema wote watatu. Nazuia kinywa changu kwa mkono. Kabla ya kitendawili, nawaambia, nina mashtaka. Wanatazamana, kama wasio na macho wanaweza kutazamana. Mashtaka gani? Miji miwili niliyowapa haikuwa yangu, nasema. Tabora sikuzaliwa, sikuijenga, sikuilima. Newala ina wenyewe. Mtu akitoa ng'ombe wa jirani, ng'ombe anarudi kwa jirani, na aliyempokea haongezewi hata kamba. Nilitoa kisicho changu, kwa hiyo sikutoa kitu, na ninyi hamkupokea kitu. Nani shahidi wako? wanauliza. Mimi, anasema mwanamke wa Newala, na anapiga mchi chini mara moja, benchi linaruka. Na huyu mtu ni mjinga, anaongeza, lakini hasemi uongo.

Wanashauriana bila sauti. Inachukua muda mrefu, mawingu yanapita, mtoto ananyamaza na kulia tena. Kisha wa katikati anainua mkono, na kutoka bondeni, kwenye ndiva, nasikia maji yakifoka, na miji miwili inainuka na kugeuka, mapaa juu na misingi chini, inaondoka angani kama ndege wazito, kila mmoja upande wake. Mwanamke anautazama wake mpaka unatoweka. Ananivua blanketi, analikunja vizuri, halafu anabadili mawazo, ananivisha tena. Kwenu kuna baridi, anasema, mwambie mume wangu dari limeanza kuvuja. Namuuliza jina lake ili nimtaje vizuri. Yeye analijua, anasema, na anashuka mlima, mchi begani.

Sasa, wanasema watatu wa kwenye benchi, nyumba hii ni yako. Hii umeijenga na kuilima. Hii ukiitoa imetoka. Kitendawili. Nasema tega, kwa hiari yangu mara hii, kwa sababu mtu hawezi kukwepa mlango wake mwenyewe. Nani yuko ndani, anayelia, na hakuna awezaye kumwita? Si fumbo hata kidogo. Ni binti yangu. Wanataka jina lake. Nafungua kinywa nimpe jina la mama yangu, na kwenye ulimi wangu nasikia likianza neno lingine, linaanza kwa mimi kukaza midomo, Mki, nafunga kinywa haraka, nauma ulimi, nasikia ladha ya damu. Nafikiria jina la bibi yake mzaa mama, nalishika vizuri akilini, nafungua kinywa, na linakuja lilelile, Mki, nalimeza. Kila jina ninalolishika linageuka kuwa Mkiwa kabla ya kufika nje, kama miji ilivyogeuka ndani ya maji. Nikilisema, mwanangu ni yatima na mimi nimekufa; nikinyamaza, nyumba inatoka. Umeshindwa? wananiuliza. Na hapo naelewa kosa langu la barabara nzima. Hawakunichukulia kitu hata kimoja. Kila mara waliniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema nimeshindwa, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mji hautoki mpaka mwenyewe aseme. Umeshindwa? wanauliza tena. Bado, nasema.

Wa kushoto anasema, bado ni jibu? Si jibu, nawaambia, lakini pia si kushindwa. Naomba shauri hili liahirishwe. Mpaka lini? Mpaka nirudi. Una mdhamini? Natazama nyuma, barabara ni tupu, mwanamke wa Newala amekwisha kwenda. Sina mtu. Ndipo sauti inatoka nyuma ya mlango. Mimi namdhamini, inasema. Ni Nikundiwe. Hafungui, na mimi siruhusiwi kufungua, lakini yuko karibu kiasi kwamba nasikia khanga yake ikikwaruza mbao. Mama Mbazi, nasema. Baba Mbazi, anasema, umechelewa kujifunza, lakini umejifunza. Umepata mara ngapi leo nafasi ya kutugawa? Mara moja, nasema. Na umetugawa? Bado, nasema, na nasikia anacheka, anacheka kicheko chake cha puani, na pamoja na kicheko uso wake unanirudia wote kwa mara moja, pengo la jino, kovu la tetekuwanga kwenye nyusi, macho yanayofinyika akicheka, na ninalia kwa furaha nikiwa nimeegemeza kiganja mlangoni. Namuuliza, mtoto anafanana na nani? Anafanana na mtu anayesubiri, anasema. Nenda sasa. Lori linapiga honi.

Lori linapiga honi. Kiganja changu kimeegemea mbao za ukuta wa ghala, zimelowa, na mtoto analia mahali fulani, labda katika nyumba za watu kule nyuma ya migomba, labda kwingine. Mlangoni amesimama mtu, mwanga uko nyuma yake, na hana uso. Naketi. Namwambia, tega. Nitege nini, Mpare? anasema kwa sauti ya Nankanga, amka, limekuja lori la kuchukua majeruhi, Koplo Pallangyo anarudishwa. Namuuliza, Newala ipo? Newala iende wapi? anasema. Na dari la nyumba yako? Hapo anasogea ndani, mwanga unamwangukia, ana uso, na uso umeshangaa. Nani amekuambia habari za dari langu? anasema, barua imefika jana tu, sijamwonyesha mtu. Natazama kiganja changu kilicholowa na sijui ni mbao za mlango gani nilizozishika, na kwenye ulimi wangu kuna ladha ya damu. Kama ghala hili ndilo ndoto na mlango ule ndio kweli, basi mke wangu yuko hatua moja kutoka hapa. Kama sivyo, yuko mwendo wa siku nyingi, lakini bado yuko. Navaa viatu.

Koplo Pallangyo amekwisha pandishwa, ameketi nyuma ya lori na mkono wake uliofungwa, pamoja na majeruhi wengine sita. Ni Mmeru, mtu wa Kilutheri kama mimi, ndiye aliyetuongoza katika sala asubuhi. Unakwenda wapi, afande? Namuuliza nikimshika mkono ule mzima. Mwanza, anasema, kisha nyumbani Arusha nikapone. Namuuliza kama Same ni mbali kwake. Anaanza kucheka, anawaambia wenzake, mnaona, Mpare anataka kunituma kortini. Namwambia nakutuma mlimani, kwa mke wangu na kwa kaka yangu Sekiete, kabla ya Pasaka. Namweleza habari ya mtoto kwa maneno machache, na wale majeruhi wanainama kusikiliza. Andika basi, anasema, nitaifikisha. Jina haliandikwi, namwambia, jina linasikiwa, ukisikia wewe umekuwa masikio ya ukoo wangu. Dereva anapiga honi tena. Koplo anamwambia mngoje kidogo mwanaume huyu, halafu ananiambia, sema, tunasikia.

Navua kofia. Nankanga anasimama upande wangu wa kulia. Binti yangu anaitwa Bado, nasema. Bado? anasema mmoja wa majeruhi, mtoto wa kike aitwe Bado? Na akiitwa na mama yake atajibu nini? Atajibu bado nacheza, anasema Nankanga, na lori zima linacheka, hata yule mwenye bandeji kichwani anacheka akishika bandeji. Nangoja wamalize. Ni jina la kutangulia, nawaambia, la kuzuia lile jingine. Koplo Pallangyo hacheki tena. Mdogo wangu, anasema, kurudi hai ni kwa Mungu, usije ukaahidi kilicho mikononi mwake. Ndiyo maana nataka Mungu naye aisikie ahadi hii, nasema. Natazama juu, ukungu umeondoka, na nasema kwa sauti ili hata dereva asikie: mimi, Elieskia Mchome, baba wa Mbazi, nampa binti yangu jina la Bado, asiitwe Mkiwa na mtu yeyote, kwa sababu hajafiwa, na jina lake la ubatizo nitalitamka mwenyewe, nimesimama kwenye mlango wa nyumba yangu, Nikundiwe akisikia, naahidi hivyo mbele za Mungu, na mbele yako, Koplo Pallangyo, na mbele yako, Nankanga, na mbele yenu nyote mlio ndani ya lori hili.